Kutoka "Marehemu" hadi "Wewe": Wasifu wa Marehemu kama Utanzu wa Fasihi katika Homa Bay na Migori

1.0 Utangulizi

Ni matini chache za maandishi katika kaunti za Homa Bay na Migori ambazo husomwa mbele ya hadhira kubwa kama wasifu wa marehemu. Riwaya husomwa na mtu mmoja faraghani. Tamthilia hungoja jukwaa na fedha. Shairi la Kiswahili hungoja mtihani. Wasifu wa marehemu husomwa uani, chini ya hema, jeneza likiwa mbele na kaburi likiwa wazi nyuma ya nyumba, na husikilizwa na jamaa, wakwe, majirani, walimu, chifu, wahubiri na watoto. Hutungwa kwa siku mbili au tatu, mara nyingi usiku, na watu ambao hawajajiita waandishi. Husomwa mara moja. Baadaye kijitabu kilichouchapa hutiwa katika sanduku la vyeti vya ukoo, au huachwa kikaliwa na mchwa.

Pamoja na wingi huo, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameupita utanzu huu bila kuutazama. Sababu inayotolewa ni kwamba wasifu wa marehemu ni maandishi ya kiuamilifu: una kazi ya kufanya, na kazi hiyo ikiisha nao umeisha. Hoja hii ni dhaifu. Wimbo wa kuomboleza nao una kazi ya kufanya, na hakuna mwanafasihi simulizi anayethubutu kuuondoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Makala haya yanakusudia kuuchunguza wasifu wa marehemu jinsi unavyotungwa na kusomwa katika Homa Bay na Migori, kuulinganisha na maombolezo ya Kijaluo yaliyoutangulia na tanzia ya Kiswahili iliyo jirani yake, na kuonyesha kwamba suala kuu la utanzu huu ni suala la nafsi: nani anazungumza, na marehemu ametajwa katika nafsi ya tatu au ya pili. Si suala dogo la sarufi. Kwa watu wengi wa eneo hili, hasa wanawake ambao hawakusoma shule, kijitabu hicho ndicho maandishi pekee yatakayobaki kuhusu maisha yao.

2.0 Maombolezo kabla ya Karatasi

Eneo linalozungumziwa lilijulikana kwa miaka mingi kama Wilaya ya Nyanza Kusini, likagawanywa katika miaka ya 1990, na likawa kaunti baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013. Wakazi wake wengi ni Wajaluo, lakini wamo Wasuba wa Rusinga na Mfangano, Wakuria wa upande wa mpaka wa Tanzania, na wahamiaji wengi katika miji ya Migori, Rongo, Awendo na Isebania. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika mila za Wajaluo katika kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotolewa mwaka 1938, na shughuli za kifo ni miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia. Baadaye Henry Owuor Anyumba, mmoja wa watatu waliotoa mwito wa mwaka 1968 wa kuifuta Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizichunguza nyimbo za maombolezo za nyatiti. Kwa hiyo msingi wa uhakiki upo, na uliwekwa na wenyeji.

Katika maombolezo ya Kijaluo kuna sauti mbili zinazofaa kutofautishwa hapa. Ya kwanza ni dengo, kilio chenye maneno. Mwombolezaji, mara nyingi mwanamke, huanza kulia akiwa bado njiani, akaingia uani akimwita marehemu kwa jina lake, kwa jina la baba yake na kwa jina la ukoo wake. Hasimulii habari za marehemu, anazungumza naye. Humwuliza kwa nini ameondoka, amemwachia nani watoto, ni nani atakayempokea mgeni jioni. Humo ndani mwombolezaji hujililia mwenyewe pia: huwataja wafu wake wengine, ujane wake, njaa yake. Sauti ya pili ni ya mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi nane. Huyu ni fundi. Hualikwa au huja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, na wimbo wake humchanganya marehemu na walio hai. Wasikilizaji humkatiza kwa pakruok, yaani majigambo ya kujisifu na kusifiana kwa majina na koo, na hutoa fedha ili wapewe nafasi ya kusema.

Mambo matatu ya sauti hizi mbili yatahitajika katika uchambuzi unaofuata. Kwanza, marehemu huambiwa, hasemwi tu. Pili, mwombolezaji hujitokeza kwa jina na kwa dhiki yake. Hakuna maombolezo yasiyo na mwenyewe. Tatu, lawama inaruhusiwa. Mwombolezaji anaweza kumlaumu marehemu kwa ulevi wake, kuwalaumu ndugu kwa kumtupa mgonjwa, au kuilaumu mauti yenyewe, ambayo kwa mila hufukuzwa kwa mikuki na ng'ombe katika tero buru.

Zaidi ya sauti, kuna jina. Mtoto wa Kijaluo huweza kupewa jina la jamaa aliyefariki, na hapo marehemu hurudi kutajwa kila siku katika kuitwa kwa mtoto: njoo ule, nenda kisimani, fungua mlango. Kumbukumbu ya namna hii haina haja ya tarehe. Inahitaji mtoto na mtu wa kumwita.

3.0 Karatasi na Vitenzi vyake

Wasifu ulioandikwa ulikuja na misheni, shule na ofisi. Waadventista Wasabato walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakaweka hapo mtambo wa kuchapia vitabu. Wakatoliki na Waanglikana nao walikuwa na daftari zao za ubatizo na ndoa. Shule ilikuwa na daftari la wanafunzi. Mwajiri alikuwa na faili. Mtu akaanza kuwa na maisha ya aina mbili: yale yanayokumbukwa na watu na yale yaliyoandikwa katika daftari. Wasifu wa marehemu ni mtoto wa daftari hizo.

Muundo wake umekwisha kuimarika. Jalada lina picha na tarehe mbili. Ndani kuna ratiba ya ibada, kisha wasifu wenyewe wenye vichwa vidogo: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na familia, maisha ya kiroho, ugonjwa na kifo. Hufuata buriani za mume au mke, za watoto na za wajukuu, halafu nyimbo za kanisa na shukrani za familia. Lugha hugawana kazi. Nyimbo huwa za Kijaluo. Wasifu huwa wa Kiingereza au wa Kiswahili. Hotuba za serikali, za walimu na za wakwe kutoka makabila mengine huelekea Kiswahili. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, kila ukoo una kijana aliyefunzwa shuleni kuandika wasifu na tawasifu, na kijana huyo ndiye anayepewa kalamu.

Mhakiki akivitazama vitenzi vya wasifu huo, ataona jambo lisiloonekana kwa haraka. Vingi viko katika kauli ya kutendwa. Marehemu alibatizwa, alisomeshwa, aliajiriwa, alihamishwa, alipandishwa cheo, alistaafishwa, alilazwa, alihamishiwa hospitali nyingine. Watendaji waliofichwa nyuma ya vitenzi hivyo ni kanisa, shule, serikali na hospitali. Kwa maneno mengine, wasifu hausimulii alichofanya marehemu. Unasimulia alichofanyiwa na taasisi, kwa mfuatano wa tarehe ambazo taasisi hizo zilimpokea na kumtoa. Pale ambapo taasisi haikumgusa, wasifu unanyamaza.

Kwa mwanamume aliyekuwa mwalimu au karani, unyamavu huo haudhihiriki sana, kwa sababu taasisi zilimgusa mara nyingi. Kwa mwanamke mkulima wa Kadem au mchuuzi wa omena wa Mbita, wasifu hukosa vitenzi. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua, alifariki. Nusu ukurasa umetosha. Lugha yenyewe inachangia: Kiswahili humpa mwanamume kitenzi oa na mwanamke olewa, kwa hiyo hata katika jambo kubwa la kiraia ambalo wasifu unamkubalia, mwanamke ni mtendwa. Miaka 60 ya kuamka kabla ya jua, kupalilia, kukausha samaki, kukopa na kulipa, kuwapatanisha wake wenza, kuwazika watoto wake mwenyewe, haina kichwa kidogo ambamo itaandikwa. Itabanwa katika sentensi moja kwamba marehemu alikuwa mwenye bidii na mkarimu. Sentensi hiyo imesomwa juu ya makaburi mengi kiasi kwamba haimtambulishi yeyote.

Kuna hasara nyingine inayompata mwanamke huyo. Katika usemi wa Kijaluo, mwanamke aliyeolewa haachi kuwa nyar, yaani binti, wa ukoo wake wa kuzaliwa. Aliyetoka Karachuonyo akaolewa Karungu huitwa nyar Karachuonyo hadi uzeeni, na jina hilo ndilo linaloitwa katika dengo. Katika wasifu wa kuchapwa huwa Bibi Fulani kwa jina la mumewe, na ukoo wake wa kuzaliwa hutajwa katika mstari wa kwanza kisha usirudiwe. Baadhi ya watungaji huchukulia kwamba Kiswahili hakina namna ya kulieleza jambo hili. Sivyo. Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siu, anajulikana katika historia ya fasihi kama Mwana Kupona binti Mshamu. Mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, ni Siti binti Saad. Pwani nayo ilimwacha mwanamke na jina la kwao. Mtungaji wa Homa Bay anayeandika "binti wa Karachuonyo" kila anapomtaja marehemu hatakuwa ameiharibu lugha; atakuwa ameikumbuka.

4.0 Mahali Nafsi Inapogeuka

Katikati ya kijitabu, wasifu unapokwisha na buriani zinapoanza, sarufi hubadilika. Kiambishi a- kinakuwa u-. Aliyekuwa "marehemu" anakuwa "mama", "baba", "dani", yaani bibi, na anaambiwa: ulituamsha, ulikataa tusilale na njaa, ulimwambia mwalimu kwamba karo italetwa. Vitenzi vinarudi katika kauli ya kutenda. Mwanamke aliyekosa vitenzi katika ukurasa wa pili anavipata katika ukurasa wa nne, kutoka kwa wajukuu wake.

Mabadiliko haya hayakufunzwa darasani. Shuleni wasifu huandikwa katika nafsi ya tatu, na mwanafunzi anayechanganya nafsi huondolewa alama. Yanatoka wapi basi? Jibu la makala haya ni kwamba hapo ndipo dengo lilipoingia katika karatasi. Mjukuu ambaye hakuwahi kufunzwa kulia njiani kwa maneno, na ambaye pengine amekulia Nairobi, anaposhika kalamu kumwandikia bibi yake hujikuta akimwita, akimwuliza na kumlaumu kwa kuondoka mapema. Mambo mawili kati ya yale matatu ya maombolezo ya kale yamerudi: marehemu anaambiwa, na mwombolezaji amejitokeza na dhiki yake. La tatu, yaani lawama dhidi ya walio hai, ndilo lisilovuka kwa urahisi, na litajadiliwa katika sehemu ifuatayo.

Inaweza kudaiwa kwamba nafsi ya pili katika maandishi ya kifo ni mazoea ya fasihi simulizi ambayo mwandishi wa Kiswahili sanifu angepaswa kuyaepuka. Historia ya tanzia ya Kiswahili inalikanusha dai hilo. Shaaban Robert (1909-1962), ambaye nathari yake ilifanywa kipimo cha usanifu, alipofiwa na mkewe alitunga shairi la "Amina", lililomo katika kitabu chake Maisha Yangu. Kitabu hicho ni cha nathari ya mpango na busara, lakini kinapofika kwa mauti ya mke, nathari haitoshi. Mshairi anamwita Amina kwa jina na kuzungumza naye kana kwamba yu karibu. Mgeuko wa nafsi uliomo katika kijitabu cha Migori umo pia katika kitabu cha bingwa wa Tanga. Mwalimu anayeukata kwa kalamu nyekundu anaikata pia mila ya maandishi anayodhani anailinda.

Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, unatoa mfano wa upande wa pili. Humo mama mgonjwa ndiye anayemwambia binti yake, kabla ya kifo, maneno atakayobaki nayo. Uhusiano ni uleule wa nafsi ya kwanza na ya pili, ila umegeuzwa: anayeondoka ndiye msemaji. Umuhimu wa utenzi huu kwa mjadala wa sasa ni kwamba unaonyesha jinsi maisha ya mwanamke wa nyumbani yanavyoweza kujaa maneno iwapo yeye mwenyewe ndiye mwenye kauli. Kazi za nyumba, mwenendo, usafi, jirani, maskini, Mungu: yote yamepata mahali. Hakuna taasisi iliyomwandikia Mwana Kupona tarehe hizo.

5.0 Yasiyosemwa

Uhakiki ambao ungesifu buriani na kunyamazia uficho wa wasifu haungekuwa wa haki. Sehemu ya ugonjwa na kifo ndiyo sehemu yenye maneno ya tahadhari kupita zote. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi". "Baada ya kuugua kwa muda mrefu". "Aliuvumilia ugonjwa wake kwa imani". Katika miaka ya 1990, Nyanza Kusini ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa vibaya na UKIMWI nchini Kenya, na serikali haikuutangaza kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Katika miaka hiyo nyumba nyingi zilizika wazazi vijana mfululizo, na wasifu baada ya wasifu ulitaja ugonjwa bila jina. Uvumi, kwa upande wake, ulikuwa na majina mengi, likiwemo chira, yaani maradhi ya kukonda yanayoaminiwa kumpata aliyevunja mwiko. Marjorie Oludhe Macgoye alilichukua neno hilo likawa jina la riwaya yake ya mwaka 1997.

Wapo wanaouona uficho huu kuwa unafiki, na hoja yao ina uzito. Matini inayodai kueleza maisha ya mtu lakini ikaficha sababu ya kuisha kwake imedanganya katika jambo ambalo walio hai walihitaji sana kulijua. Vijana walisikiliza wasifu wa aina hiyo kila Jumamosi na kurudi nyumbani bila onyo. Kwa kipimo cha ukweli, utanzu huu ulishindwa katika muongo uliouhitaji zaidi.

Hata hivyo, hukumu hiyo haijakamilika mpaka iulizwe ni nani aliyelindwa na unyamavu. Wasifu husomwa mbele ya mjane na watoto ambao kesho yake wataendelea kuishi katika boma hilohilo na kwenda shule ileile. Kabla ya mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza kutoa Homa Bay dawa za kupunguza makali ya virusi, kuutaja ugonjwa kulikuwa kumtangaza mjane kuwa maiti anayefuata, na mara nyingi kulikuwa kumpoteza haki yake katika ardhi ya mumewe. Unyamavu wa wasifu ulikuwa, katika baadhi ya nyumba, ukuta wa mwisho uliobaki.

Hapa ndipo ulinganisho na dengo unapohitaji uangalifu. Ni rahisi kuyasifu maombolezo ya kale kwa ujasiri wao wa kulaumu, na kuulaumu wasifu wa karatasi kwa woga. Lakini lawama za dengo hazikuwa na mahakama. Mwombolezaji aliyelia kwamba ndugu yake "ameliwa" alikuwa akimwelekezea kidole mtu aliyekuwa pale uani, mara nyingi mjane, mke mwenza au mama mkwe mzee, na shutuma ya uchawi iliyotupwa kwa wimbo haikurudishwa kwa urahisi. Uhuru wa kulaumu uliwafaa wenye ukoo kuliko wageni wa ukoo, na katika boma la Kijaluo mwanamke aliyeolewa ni mgeni wa ukoo kwa miaka mingi. Karatasi, pamoja na ubaridi wake, ilileta jambo ambalo kilio hakikuwa nalo: maneno husomwa na watu kadhaa kabla hayajasemwa. Anayetaka dengo lirudi katika karatasi hana budi kueleza ni lipi kati ya mambo yake anataka lirudi.

6.0 Wasifu kama Hoja

Kwamba wasifu wa marehemu si orodha ya habari bali ni hoja, kulidhihirika wazi katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Wakili huyo alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mwili wake haukuzikwa hadi tarehe 23 Mei 1987, huko Nyalgunga, Siaya, baada ya Mahakama ya Rufani kuupa ushindi ukoo wa Umira Kager dhidi ya mjane wake, Wambui Otieno. Siaya si Homa Bay, lakini kesi ilisikilizwa kwa makini katika kila boma la Kijaluo. Ukiondolewa uzito wake wa kisheria, ilikuwa mashindano ya wasifu mbili za mtu mmoja. Katika wa kwanza, marehemu alikuwa mtu wa Nairobi, mume wa mke mmoja, wakili wa kisasa ambaye nyumbani kwake palikuwa alipojenga na kulea. Katika wa pili, alikuwa wuod, yaani mwana wa ukoo, ambaye nyumba zake za mjini zilikuwa makao tu na ambaye ardhi ya baba yake ilikuwa ikimngoja. Tarehe za wasifu zote mbili zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa na haki ya kuzipanga.

Kisiwani Rusinga, katika kaunti ya Homa Bay, mfano wa pili umejengwa kwa mawe. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wasifu wa kitaasisi wa Mboya ni mrefu: chama cha wafanyakazi, ubunge, safari za ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani kuanzia mwaka 1959, uwaziri. Aliandika mwenyewe sehemu ya maisha yake katika Freedom and After ya mwaka 1963. Lakini kaburi lake liko Rusinga, kisiwa ambacho hakuzaliwa, na jengo lililojengwa juu yake huelezwa kwa wageni kuwa lina umbo la risasi. Pale palipokuwa na wasifu mwingi kupita kiasi, ukumbusho wa nyumbani umechagua kulitaja jambo moja ambalo wasifu wa kiserikali ulilipitia kwa haraka, yaani namna alivyokufa. Mawe yamefanya kazi ya dengo: yamelaumu.

Mifano hii miwili ni ya watu mashuhuri, na ndiyo maana ushahidi wake uko wazi. Lakini mvutano uleule hutokea katika kila kamati ya mazishi, kati ya wajukuu wa mjini na wazee wa boma, kati ya kanisa na ukoo, kati ya nyumba ya mke mkubwa na ya mke mdogo. Kijitabu kinachochapwa Ijumaa usiku ni mkataba wa amani kati ya pande hizo. Mhakiki anayekisoma bila kuuliza ni nani aliyeandika kichwa kipi, na ni nani aliyenyimwa ukurasa, atakuwa amesoma karatasi tu.

7.0 Suala la Lugha

Pingamizi moja bado halijajibiwa. Inasemwa kwamba mtu hulia kwa lugha ya mama yake, na kwamba Kiswahili katika Nyanza ni lugha ya chifu, ya polisi na ya mtihani, kwa hiyo wasifu wa Kiswahili hauwezi kuwa na moyo. Pingamizi hili lilikuwa na nguvu zaidi zamani. Katika miji ya Migori na Isebania, ambako Wajaluo, Wakuria, Wagusii, Waluhya na Wasomali wamekaa pamoja na ambako mpaka wa Tanzania huvukwa kwa biashara kila siku, kuna nyumba ambazo baba na mama hawana lugha nyingine ya pamoja. Watoto wa nyumba hizo waliitwa, walikemewa na walibembelezwa kwa Kiswahili. Wakifiwa, hawana lugha nyingine ya kumlilia mama. Mwanamuziki D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, akajulikana Kenya na kufariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006, aliimba Kijaluo na Kiswahili bila kuona haja ya kuomba radhi kwa lugha yoyote.

Upo pia mfano wa Wasuba. Wazee wa Rusinga na Mfangano waliokuwa wakizungumza Kisuba wamezikwa kwa nyimbo za Kijaluo na wasifu wa Kiingereza, kwa kuwa wajukuu wao hawakuirithi lugha hiyo. Hakuna aliyesema kwamba machozi ya wajukuu hao hayakuwa ya kweli. Kilichopotea ni majina ya sifa na misemo ambayo bibi aliitumia na ambayo hakuna aliyeiandika. Kama mtungaji wa wasifu wa Kiswahili angeyaacha maneno ya marehemu katika lugha yake, akaeleza maana yake pembeni yake, Kiswahili kingekuwa kikapu cha kubebea lugha nyingine badala ya kuwa kifuniko chake.

Tatizo la Kiswahili cha wasifu, basi, si ugeni wake bali ni uvivu wake. Sentensi zilizokwisha kuchakaa huchukuliwa kutoka kijitabu cha mazishi ya mwezi uliopita. Kusema kwamba marehemu "alipenda watu wote" ni kumwondoa marehemu na kumweka mtu asiyekuwepo. Kusema kwamba alipopimia mnunuzi mahindi alijaza gorogoro mpaka yakamwagika, kisha akawakaripia wajukuu waliookota yaliyomwagika kwa sababu yalikuwa tayari ya mnunuzi, ni kumleta mtu mmoja mbele ya hadhira. Sentensi ya pili haina sifa hata moja ndani yake, na haihitaji taasisi yoyote kuithibitisha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wasifu wa marehemu katika Homa Bay na Migori ni utanzu wenye muundo wake, historia yake na mgogoro wake. Sehemu yake ya nafsi ya tatu imerithi daftari za misheni, shule na ofisi, na hupima maisha kwa mguso wa taasisi. Ndiyo sababu wanawake wengi hutoka humo wakiwa wafupi kuliko walivyoishi. Sehemu yake ya nafsi ya pili imerithi dengo, na inakubaliana na tanzia ya Kiswahili tangu kwa Shaaban Robert. Uficho wa ugonjwa ni kosa la kweli, ingawa katika nyumba nyingine ulikuwa ngao ya walio hai, na uhuru wa lawama katika maombolezo ya kale haukuwa bila wahanga wake.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa walimu: wanafunzi wafundishwe kwamba mgeuko wa nafsi katika maandishi ya kifo ni mbinu, si kosa, na wasomeshwe "Amina" sambamba na buriani za vijitabu vya kwao. La pili ni kwa idara za Kiswahili na fasihi katika vyuo vikuu. Wanafunzi wao hurudi makwao kila likizo, na katika kila boma lipo sanduku lenye vijitabu hivyo. Kwa ruhusa ya familia vinaweza kunakiliwa, majina yakahifadhiwa, na vikawekwa maktabani pamoja na kanda za nyatiti. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ifanywe mapema, kwa sababu vijitabu vya miaka ya 1980 na 1990 vilichapwa kwa karatasi duni, wino wake unafifia, na baadhi ya wanawake waliomo humo hawajaandikwa mahali pengine popote.